Umeshuka Malindi na Jioni Meli Inaondoka: Kutembea na Kununua Mji Mkongwe wa Unguja

Meli kubwa za watalii huja Unguja zaidi msimu wa kaskazi. Unaamka asubuhi unaiona imefunga Malindi, bandari yetu ya hapa mjini, ndefu kuliko safu nzima ya majumba ya Mizingani, barabara ya pwani, na ikifika usiku haipo. Katikati ya hapo watu wake humwagika mjini. Wengi ni wageni wanaofuata bendera ya mtembeza watalii, lakini wenzetu nao hawakosekani: mpishi wa Mombasa aliyepewa ruhusa ya kutwa, familia ya Muscat iliyokuja kuitafuta nyumba ya bibi yao, kijana wa Kigoma anayefanya kazi Ulaya na yuko likizo na mkewe. Nawaandikia hao.

Mimi ni mtu wa Kiponda, humu humu Mji Mkongwe, na nina ndugu wawili waliofanya kazi melini. Nimeshawazungusha wageni wa kutwa moja mara nyingi kiasi cha kujua wanapokosea. Wanakosea mpangilio. Wanashuka, wananunua duka la kwanza wanalolikuta, kisha wanazunguka na mifuko mkononi juani. Alasiri wanafika Mchangani, mtaa wa nguo, na kukuta kitu kilekile kinauzwa nafuu, na hapo hawana tena pesa wala nguvu. Wewe anza na kilicho mbali, malizia na kilicho karibu na bandari. Pochi isifunguke, ukitoa maji na kahawa, mpaka umeshakula mchana.

Kwanza saa

Kabla hujakanyaga ngazi, soma saa ya mwisho ya kurudi melini. Kisha uliza meli inafuata saa gani. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima. Meli ikitokea Shelisheli au Morisi, huko wako saa moja mbele yetu, na kuna manahodha wasiobadilisha saa ya meli kwa ajili ya bandari moja. Weka saa ya mkononi ifuate meli na uiache simu ifuate mji, ili usichanganye. Halafu toa saa mbili kamili kutoka ile saa ya mwisho: huo ndio wakati wa kuwa umesharudi sokoni Darajani, dakika chache tu kutoka bandarini.

Kuna mtego wa pili ambao ni wa Waswahili peke yao. Mpwa wangu amekulia Birmingham. Kiswahili anakisema vizuri, ila saa anazihesabu Kizungu. Alimwambia dereva aliyewashusha kwenye shamba la viungo Kidichi, "Utufuate saa tatu." Kichwani mwake ni saa tisa alasiri. Dereva akasikia saa tatu, na saa tatu iliyobaki siku hiyo ni ya usiku. Akaenda zake kumchukua mtoto skuli, akala, akajinyoosha. Walipoona hali imekuwa mbaya walidandia gari ya mtu wa nazi, wakafika lango la bandari zimebaki dakika kumi na mbili, mkewe hana kiatu kimoja. Tangu siku ile nawaambia watu waandike 15:00 kwenye simu na wamuoneshe dereva kwa macho yake.

Pesa na nguo

Fedha ni shilingi ya Tanzania. Tangu 2025 zipo kanuni zinazokataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, ukiacha mambo machache, kwa hiyo usishangae muuzaji akikataa dola zako. Hata kabla ya hapo, aliyelipa kwa dola alikuwa anabadilishiwa kwa kiwango anachotaka muuzaji. Toa pesa kwenye mashine ya benki, zipo Shangani na upande wa Darajani, au badilisha benki. Ukibeba dola za kubadilisha ziwe noti mpya mpya; za zamani na zilizochanika hukataliwa. Noti yetu kubwa ni elfu kumi. Zivunje mapema upate za elfu moja na elfu mbili, maana chenji ndiyo kisingizio cha kwanza cha kukuzidishia bei.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamume. Hakuna atakayekukamata ukivaa vinginevyo, lakini utaona mtu anakujibu huku anatazama ukuta, na bei anayokupa ni ya mtu asiye wa kwao. Viatu viwe bapa. Vichochoro vina mawe na maji ya kufulia.

Langoni

Ukitoka utapokewa na watu wengi kwa mpigo: teksi, boti, viungo, "karibu dukani kwangu kuangalia tu". Wale wanaojitwika kukuongoza bila kibali tunawaita papasi, jina la yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Mtembeza watalii halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Mwombe akuoneshe, hataudhika. Papasi usimnyamazie. Asiyejibu salamu hapa ndiye anayefuatwa mpaka Shangani. Itikia, sema "ahsante bwana, naijua njia," endelea kutembea. Kiswahili peke yake kinawapunguza nusu.

Na njia ni rahisi kuijua. Mji Mkongwe umekaa kama pembetatu. Pande mbili ni bahari. Upande wa tatu ni barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wenyeji wengi bado tunaiita Creek Road, kwa sababu hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari. Pwani ile ilifukiwa, daraja likaondoka, jina la Darajani likabaki. Kwa hiyo hakuna kupotea kwa kweli: umo ndani ya pembetatu, ukitembea moja kwa moja utatokea baharini au Creek Road, na kutoka popote kati ya hivyo viwili bandari iko kaskazini. Ramani ya simu inachanganyikiwa kati ya kuta ndefu. Muulize mzee aliyekaa barazani, lakini shikamoo itangulie. Magari hayaingii vichochoroni. Vespa zinaingia, na baiskeli, na mikokoteni. Ukisikia honi nyuma yako, jibanze ukutani kwanza, geuka baadaye.

Mzunguko wenyewe

Shika Mizingani, bahari ikiwa kuliani. Utaipita ile dispensari ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan miaka ya 1880. Kisha Mtini, ule mti mkubwa, chini yake wanakaa mafundi na watu wa boti. Kisha kasri ya masultani, halafu Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usiitegemee kwa kuingia. Itazame kutoka nje. Jirani yake ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17. Mbele yake ni Forodhani. Mchana Forodhani ni kivuli na vijana wanaojitosa baharini kutoka ukutani. Zile meza za mishkaki na pizza za Zanzibar zinazoonekana kwenye picha hupangwa jioni na kujaa magharibi, na hapo wewe utakuwa melini. Huo ndio ukweli. Usiharibu alasiri yako kuzingojea.

Pita chini ya lile jengo lenye njia ya gari tumboni mwake, utokee Shangani. Wapenzi wa mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1946, wana makumbusho yao madogo huku. Panda barabara ya Kenyatta, ingia Gizenga, kisha Hurumzi. Hii ndiyo mitaa ya maduka ya watalii: picha za tingatinga, mabangili, fulana, makasha ya shaba. Hapa tazama, shika, uliza bei, ziweke kichwani. Usinunue.

Kunja kuelekea Jaws Corner, njia panda yenye mabaraza ya saruji na wazee wa dhumna. Hapa kahawa inapikwa kwa makaa kwenye birika la shaba na kumiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Haina sukari, utamu ni kashata unayoitafuna pembeni. Kuna simu ya zamani imepigiliwa juu, na maandishi kwamba kupiga nchi za nje ni bure. Mgeni huinyanyua, wazee hucheka. Keti robo saa. Usianze wewe mazungumzo ya siasa, yatakufuata yenyewe.

Kutoka hapo ni hatua chache kufika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana. Soko la watumwa lililokuwa hapa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo juu ya kiwanja chake. Aliyelisimamia ni askofu Edward Steere, yuleyule aliyetumia miaka mingi kuandika sarufi ya Kiswahili. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Tenga muda wa kutosha hapa, hata kama itabidi ukose duka moja. Nimewahi kumleta mzee wa Bagamoyo, mtu wa maneno mengi, akasimama pale ukingoni bila kusema kitu mpaka tulipotoka.

Mzunguko huu wote, kwa mwendo wa taratibu na kahawa, ni saa tatu.

Ukitaka kutoka nje ya mji

Chagua kimoja tu. Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa waliotoka Shelisheli, ni karibu nusu saa kwa boti; pamoja na kungojana, hesabu saa tatu. Gereza lake lilijengwa mwaka 1893 na halikuwahi kufanya kazi ya gereza. Lilikuja kuwa karantini. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni kama kilomita 15, nayo ni saa tatu. Jozani, kwa kima punju ambao asili yao ni Unguja tu, ni kama kilomita 35. Tenga saa nne na zaidi. Nungwi ni kilomita 60 hivi. Kila mtu anataka Nungwi kwa ajili ya ule mchanga, na mimi kila mtu wa kutwa moja namkatalia. Utakula barabara, utaogelea nusu saa, utarudi na wasiwasi.

Teksi haina mita. Patana kabla mlango haujafungwa, na upatane safari nzima: kwenda, kungoja, kurudi. Lipa mwisho. Mtu akikuomba nusu kwa ajili ya mafuta, mpe ya mafuta, si nusu. Bodaboda na bajaji zipo kwa safari fupi. Daladala ni rahisi mno na ina namba mbele, 502 kwa Bububu, 505 kwa uwanja wa ndege, lakini huondoka ikijaa, na meli haikungojei ijae. Ipande kwa kwenda tu. Kurudi panda kinachoondoka sasa hivi.

Kula

Mkunazini, jirani na mbuyu, kuna mkahawa wa Lukmaan. Unachagua kwa macho: pilau, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina. Lakini kama hujawahi kula urojo, acha vyote hivyo. Ni bakuli la mchuzi wa njano, mzito, wenye ukali wa embe mbichi, ndani yake viazi, bajia, kachori, pengine yai na mshikaki. Juu vinavunjwa vipande vya muhogo wa kukaanga, kisha chatne ya nazi na pilipili. Muulize anayeuza kama pilipili ameshaitia. Usiongeze kabla ya kuonja.

Ramadhani, mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula au kunywa njiani ni kuwavunjia watu heshima. Shiba melini kabla hujashuka. Ijumaa maduka mengi hufungwa kuanzia saa sita hivi mpaka watu watoke msikitini. Panga saa hiyo iwe ya kanisani au pwani.

Kununua

Sasa pochi. Ukitoka Mkunazini uko pua na mdomo na Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na jirani yake ni Mchangani. Bei sikuandikii, zitakuwa zimebadilika kabla meli yako haijafika. Nakupa njia ya kuzijua. Simama nyuma ya mama anayenunua mdalasini wa pilau yake, jifanye unatazama hiliki, sikiliza anachotoa. Mgeni asiyejua lugha hana silaha hii.

Na lugha iwe laini. Watu wa bara, na hasa ndugu zangu wa Nairobi, huingia na "nipe hiyo." Kwao si ufidhuli, kwetu linachoma. Hapa ni "naomba nitazame," "hii unauzaje?" Muuzaji akitaja bei, usiruke. Sema, "Mh, kubwa, baba." Atajibu, "Maongezi yapo." Hapo ndipo soko linapoanza. Taja yako, chini kiasi lakini si ya matusi. Atacheka, atakusifia kitambaa, atashuka. "Ya mwisho ngapi?" Ukiona hashuki tena, shukuru na ondoka pole pole. Akikuita, mmeelewana. Asipokuita, ndiyo bei yenyewe. Rudi ulipe bila aibu. Ila ukishataja bei naye akaikubali, hiyo ni ahadi, na kukimbia hapo ni kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Ifungue yote. Tazama pindo limenyooka, mji, yaani lile pambo la ndani ya pindo, uko katikati, na rangi haijavuja. Isugue kati ya vidole: ikitoa unga mwingi na kubaki nyepesi kama chachi, ni wanga uliokuwa umeibeba, ikifuliwa mara moja utaiona. Itazame dhidi ya jua. Kisha soma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mtalii ana udhuru, wewe huna. Nilimshuhudia bwana mmoja akimchagulia mama mkwe kanga kwa uzuri wa rangi, imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati." Muuzaji alikuwa keshaikunja; mkewe ndiye aliyeinyakua. Ukimaliza, mtafute fundi cherehani aikate na kuipinda huku wewe unaendelea na mengine.

Viungo vinunue vya kupimwa kwa mizani, si vile vikapu vidogo vilivyofungwa karatasi ya nailoni kule pwani, ambavyo hujui vimekaa tangu lini. Karafuu nzuri ina kichwa chake. Ibonyeze kwa ukucha, itoe mafuta na harufu ikupande puani. Ukipata glasi ya maji, idondoshe: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha hulala juu kama kijiti. Kungumanga itikise, usinunue yenye vitundu vya wadudu. Bibi mmoja sokoni atakueleza kungumanga inavyomfaa mwanamke, kwa sauti ya chini na kwa urefu. Msikilize, ni sehemu ya bei. Hiliki iwe ya kijani na imefumba. Na kuhusu zafarani: zafarani haioti Zanzibar. Yale majani mekundu ya bei poa wanayokuuzia kwa jina hilo si zafarani, hayana harufu wala ladha yake.

Ukili ndio ninaoupenda zaidi, na watu wanaupita. Kawa za kufunikia chakula, za rangi tatu nne, nyepesi, zinalala bapa kwenye sanduku. Mikoba ya ukili pia. Nunua mkoba mmoja kabla ya vingine vyote, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na utahitaji cha kubebea. Halua ichukue mwisho, ya kopo au kifungashio kigumu, uionje kwanza: isinate menoni na isiwe na harufu ya samli iliyochacha. Picha za tingatinga ziondolewe kwenye fremu na kukunjwa kama mkeka. Tanzaniti achana nayo kama huna mtu wa kuikagua. Mawe yanatoka Mererani, huko bara, na hapa kisiwani huna unachoweza kulinganisha nacho.

Usiguse magamba ya kasa, pembe, matumbawe, wala makombe ya baharini hata ukiambiwa "hii imeokotwa." Baadhi ni jinai waziwazi, mengine yanataka kibali ambacho hutakipata alasiri moja. Vitu vya kale vya kweli, milango na makasha ya zamani, navyo haviondoki bila ruhusa.

Kurudi

Kutoka Darajani fuata Creek Road kuelekea kaskazini, kisha kushoto kwa barabara ya Malawi. Dakika kumi, kumi na tano ukiwa na mzigo. Matunda, nyama na chakula kibichi meli nyingi haziruhusu kupanda, kwa hiyo lile embe limalize njiani. Viungo vikavu vilivyofungwa vizuri kwa kawaida hupita, lakini uliza pia sheria ya nchi unayoteremkia safari ikiisha. Kadi ya meli na kitambulisho viwe mfuko wa mbele, si chini ya kanga. Bandarini na kwenye majengo ya serikali usipige picha.

Shilingi zilizobaki zimalize huku nje, melini hawazitaki. Karibu na lango hukosi mtu wa muwa, anayeukamua kwenye mashine na kuuchanganya na ndimu na tangawizi. Noti zako mbili za elfu zimpe huyo.